Nimeukuta

Makarasha yakizimwa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, masikio huchukua muda kuamini. Kutwa nzima chuma kimesaga mwamba, vumbi jeupe limetanda juu ya majani ya migomba, juu ya mabeseni ya mama ntilie, hata kwenye kope za watu. Halafu jenereta la mwisho linakohoa, linanyamaza, na ghafla unasikia mbuzi. Unasikia mtu anacheka ng'ambo ya mwalo. Jioni ile mimi nilisikia zeze.

Mpigaji alikuwa mzee mwembamba, mlinzi wa duara, yaani shimo la wachimbaji, amekaa juu ya gogo la matimba lililokuwa likisubiri kuteremshwa humo asubuhi. Zeze lake lilikuwa la uzi mmoja. Kibuyu kilikatwa mdomo kikawambwa ngozi ya kenge, magamba bado yakionekana pembeni. Mti wa shingo ulikuwa umeng'aa pale vidole vinapopita. Na uzi wenyewe ulikuwa waya mmoja uliochomolewa kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Uta ulikuwa kijiti kilichopindwa kwa nyuzi za katani. Ubavuni mwa kibuyu alikuwa amebandika donge la ulimbo, jeusi, lenye mfereji katikati, na kabla ya kupiga alipitisha zile katani kwenye mfereji ule mara nyingi, taratibu, kama mtu anayenoa kisu ambacho hana haraka nacho. Bila ulimbo ule katani huteleza juu ya waya na zeze halisemi kitu. Sauti yote inatokana na kukwaruzana.

Wimbo alioupiga haukuwa na maneno. Ulipanda kidogo, ukasita juu, kisha ukashuka kwa mapigo matatu matatu mpaka ukarudi ulipoanzia. Aliurudia mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Alipotua nilimsogelea nikamwamkia, nikauliza swali ambalo watu wa aina yangu, wenye daftari na simu ya kurekodia, huuliza siku zote.

"Guku," nikamwita, yaani babu kwa Kisukuma, "wimbo huu ni wa nani?"

Akanitazama kwa upole. "Nimeukuta," akasema.

Neno hilo nimelibeba miaka kadhaa sasa. Kwetu ndilo neno analolitumia mtu akiulizwa juu ya mti wa mpakani, au kisima, au njia ya ng'ombe inayokata katikati ya shamba lake. Nimeukuta: kabla yangu ulikuwepo, sikuupanda mimi, na aliyeupanda sikumwona. Ni jibu la mtu mkweli. Lakini ndani yake kuna mtu aliyepotea, maana mti wa mpakani haukujipanda.

Mapigo yale matatu ndiyo yaliyonishika. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi katika mgodi wa zamani wa Geita, ule uliofungwa mwaka 1966, na katika vitu alivyorudi navyo Kahama, pamoja na buti na kikohozi, kilikuwemo kitu alichokiita walzi. Ni dansi ya watu wawili, wameshikana, wanazunguka kwa hesabu ya tatu. Alikuwa akitufundisha uani, sisi wajukuu, tukiwa tumesimama juu ya miguu yake: moja nzito, mbili na tatu nyepesi, moja nzito, mbili na tatu nyepesi. Hakuwa peke yake kuyajua hayo. Tangu miaka ya 1930 vijana wa Dar es Salaam na Tanga walikuwa na vilabu vyao vya dansi, Dar es Salaam Jazz ilishaanzishwa mwaka 1932, na kuanzia hapo kila palipokuwa na reli, kambi ya jeshi au mgodi, gramafoni na mitindo ya kizungu ya kucheza kwa jozi vilifuata. Kwa hiyo niliposikia zeze linahesabu tatu katikati ya machimbo ya Geita, nilidhani nimeshaipata habari. Nilijiambia huyu mzee amerithi walzi ya mgodini, ameivua viatu akaivika ngozi ya kenge.

Nikakaa chini karibu naye nisikilize tena, safari hii nikitazama. Mkono wa uta ulihesabu tatu, hilo kweli. Lakini kisigino chake, ndani ya kandambili ya tairi, kilikuwa kinagonga mbili. Vyote viwili vilienda pamoja bila kugombana, vikikutana kila baada ya mapigo sita, vikiachana tena. Ndivyo ngoma nyingi za kwetu zilivyojengwa: sita moja inayoweza kukatwa vipande viwili vya tatu au vipande vitatu vya mbili, na mchezaji anachagua mguu wake utafuata kipi. Aliyelelewa kwenye gramafoni atasikia walzi na hatakuwa amekosea. Aliyelelewa kwenye mbina za baada ya mavuno atasikia ngoma, naye ni sahihi. Babu yangu, nikifikiri vizuri, pengine hakujifunza hesabu ya tatu mgodini hata kidogo. Huenda alikwenda nayo, na alichojifunza kule ni kumshika mtu kiuno.

Zeze lenyewe lina safari ndefu kuliko wimbo wowote unaopigwa juu yake. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipokaa Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857 na 1858, alilikuta na akaliandika: uzi, fimbo na kibuyu, chombo cha wapagazi. Mwenzake Speke ndiye aliyechapua kwenda kaskazini kupitia nchi hii ya Usukuma, akaliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858. Zeze la wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma halikuwa la uta. Lilikuwa fimbo bapa yenye meno yaliyochongwa mwishoni, kidole kikibana juu ya meno, kidole kingine kikidonoa uzi. Ni jepesi, linaning'inia begani juu ya mzigo wa pembe, na mtu anaweza kulipiga anatembea. Lilitembea hasa. Lilifika pwani, likapanda majahazi pamoja na watu waliouzwa, na mpaka leo Madagaska wana chombo kiitwacho jejy voatavo, zeze la boga, na Shelisheli wana zez. Nikiyasoma majina hayo huwa nayatamka kwa sauti. Mtu aliyenyang'anywa nchi, ndugu na jina lake alifika kisiwani akatafuta kibuyu.

Uta ulikuja kwa njia nyingine, na uliwapata watu wengi. Wagogo wanakwaruza zeze lao, na marehemu Hukwe Zawose alilipeleka kwenye majukwaa ya dunia. Waganda wana endingidi, chombo cha mwanzoni mwa karne ya 20 tu ingawa wengi hukidhania cha kale sana. Wanyarwanda wana iningiri, Waluo orutu, Waluhya siriri. Wote hao ni jamaa wa rababa ya Waarabu, na rababa ni jamaa wa fidla iliyofika Unguja na kuingia kwenye taarabu. Ukiupanga ukoo huu kwenye karatasi utaona kwamba chombo cha yule mzee wa Nyarugusu na fidla ya mwanakijiji wa milima ya Marekani ni vya ukoo mmoja. Wala si ukoo wa mbali. Katika mashamba ya watumwa ya Marekani, wapigaji fidla mara nyingi walikuwa Waafrika, wengine wakitoka Afrika Magharibi ambako uzi mmoja na uta vilikuwa kazi ya mababu zao. Waliwapigia mabwana zao dansi usiku kucha. Nyimbo zile zikabaki, zikaingia katika muziki wa kale wa vijijini kule, na katika vitabu vya noti chini ya nyimbo za namna hiyo huandikwa neno moja tu: za jadi.

Kwa wapigaji wa muziki huo wa vijijini kuna desturi ninayoipenda. Usiku wa dansi huwa wa mbio, nyimbo za kurukaruka, na walzi hupigwa mwishoni, watu wamechoka, kila mmoja ametafuta anayetaka kurudi naye nyumbani. Na wimbo usiojulikana mtunzi wake mara nyingi huitwa kwa jina la mahali ulipookotwa, au la mtu aliyemfundisha mpigaji. Huenda mtunzi amesahaulika vizazi vitatu vilivyopita, lakini mkono wa mwisho ulioupokeza unatajwa. Angalau kuna mtu mmoja amekumbukwa.

Walzi yenyewe ilianza hivyo hivyo. Kabla ya kumbi zenye taa, ilikuwa dansi ya wakulima wa Austria na kusini mwa Ujerumani, watu wa viatu vizito, katika karne ya 18. Wakubwa waliiona ya aibu kwa sababu mwanamume na mwanamke walikumbatiana mbele za watu. Haikuchukua muda wakaichukua wao, ikajaa katika majumba ya Vienna, na akina Johann Strauss wakatia majina yao juu ya walzi zao. Majina ya wale wakulima hayako popote. Na hapa kuna jambo dogo la kwetu ambalo huwa linanisisimua: Hans Cory, yule aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni akaandika kitabu cha sheria na mila za Wasukuma kilichotoka mwaka 1953, alizaliwa Vienna mwaka 1888. Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Najiuliza aliposikia mapigo matatu katika vijiji vya Usukuma, alitingisha kichwa kwa hesabu ipi, ya mkono au ya kisigino.

Sasa, mtu asidhani kwamba Wasukuma hawajali majina ya watunzi. Sijaona watu wanaojali zaidi. Ningi wa Kisukuma, yaani mtunzi na mwimbaji kiongozi, hujitaja ndani ya wimbo wake mwenyewe: mimi ng'wana fulani, wa mahali fulani, nimesema. Hufanya hivyo bila haya na mara kadhaa, ili wimbo ukiibwa wizi uonekane. Mshairi wa Kiswahili hufanya jambo lilo hilo katika kaditamati yake, ajitaja na kutaja kwao kabla hajaweka kalamu chini. Ni sahihi iliyoshonwa ndani ya nguo. Ndiyo maana wakulima wa bugobogobo, wanaorusha majembe hewani kwa mpigo mmoja, wanaweza kukuambia wimbo huu ni wa ningi gani na alimshinda nani.

Maana ushindani ndio ulioufanya muziki wa Usukuma uwe vile ulivyo. Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana ni nani mwenye dawa kali za ngoma, na wafuasi wao wakagawanyika kuwa Bagika na Bagalu. Mgawanyiko huo upo mpaka leo. Mavuno yakishaingia ghalani, pande mbili huingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila moja na ningi wake, ngoma zake, nyoka wake au fisi wake wa maonyesho, na dawa yake ya mvuto iitwayo samba. Watazamaji ndio waamuzi, na wanaamua kwa miguu: upande wenye umati mkubwa umeshinda. Padri David Clement, Mkanada aliyekijenga kituo cha Bujora kule Kisesa tangu miaka ya 1950, alikuwa na hekima ya kuuona mchezo huu kuwa hazina, akauingiza katika sikukuu ya Ekaristi, iitwayo Bulabo, ambayo kila Juni hujaza uwanja wa pale.

Nimesimama Bulabo nikiwa nimebanwa na umati, nikafurahi kama mtoto. Lakini siku ile pia nililielewa zeze. Kanuni ya umati humpa ushindi anayesikika mbali. Ngoma kubwa husikika kilima cha pili. Hata wigashe, ambako vijana huimba wamekaa, wana koo nyingi kwa pamoja. Zeze la uzi mmoja linasikika hatua kumi, kumi na tano upepo ukiwa mzuri. Haliwezi kumvuta mtu atoke upande wa pili wa uwanja. Kwa hiyo likabaki kwa mchungaji, kwa msafiri, kwa mtu asiyelala, na sasa kwa mlinzi wa duara. Halikuwa na kundi, na kwa sababu halikuwa na kundi halikuwa na watu wa kubishania ni nani aliyetunga nini. Zaidi ya hayo, wimbo usio na maneno hauna mahali pa kutia sahihi. Ningi anaweza kujitaja, uzi hauwezi. Mtunzi wa zeze akifa, jina lake linadondoka siku ileile, na wimbo unaendelea kutembea ukiwa mwepesi zaidi. Kizazi kimoja kinasema "wa fulani", kinachofuata kinasema "wa zamani", cha tatu kinasema "nimeukuta". Hapo ndipo sisi wenye madaftari tunapofika, tunaandika "wa jadi", tunaona tumeheshimu.

Mimi neno hilo sasa linaniuma. Jadi haikuwahi kukaa juu ya gogo ikasugua katani kwenye ulimbo. Kila wimbo wa jadi ulitungwa na mtu mmoja jioni moja, au na watu wawili watatu waliourekebisha kila mmoja kidogo, na watu hao walikuwa na majina. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kunasia sauti, akirekodi Wanyamwezi, Wasukuma, Wagogo na wengine, alijitahidi kuandika majina ya wapigaji na mahali. Sauti zile zimetunzwa Afrika Kusini katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, na ninamshukuru. Hata hivyo mpigaji na mtunzi ni watu wawili. Ukimuuliza mpigaji, atakujibu kama yule mzee.

Nilirudi kwake jioni ya pili. Makarasha yalichelewa kuzimwa, tukakaa tunangoja huku tukipigiana kelele. Mbele yetu wanawake walikuwa bado wanaponda mawe ya mwisho kwa nyundo, wamekaa chini kwa mstari, miguu wameinyoosha, kanga zimekuwa rangi moja ya vumbi. Kuponda kwa mkono ni kazi ya asiye na hela ya karasha. Mmoja wao alikuwa na namna yake: nyundo inapiga kwa nguvu, inapiga tena kwa wepesi, kisha mkono wa kushoto unageuza jiwe. Pigo, pigo, geuza. Nilianza kuhesabu bila kukusudia, na nilipogeuka nikaona mzee naye anamtazama.

"Mama alikuwa anasaga hivyo," akasema.

Nikafikiri anamsema mama yake. Akaniona nimefikiri hivyo. Kwa Kisukuma aliyekuzaa ni mayu. Mama ni bibi. Bibi yake ndiye aliyemlea, huko upande wa Shinyanga, nyumba yenye jiwe la kusagia mtama na uwele. Alfajiri giza halijaondoka, bibi alipiga magoti nyuma ya jiwe akasukuma, akasukuma, kisha akavuta na kukusanya unga kwa kiganja. Na alikuwa akivumisha puani, mdomo umefungwa, kwa sababu vumbi la unga huingia kooni. Hakukuwa na maneno. Mtoto alikuwa amelala kando yake kwenye ngozi, akizinduka na kusinzia tena kwa mwendo huo. Alipokuwa mkubwa kiasi cha kuchunga, na kutengeneza zeze lake la kwanza, kitu cha kwanza vidole vyake vilichotafuta kilikuwa hicho.

"Yeye aliutoa wapi, Guku?"

Akacheka. "Yeye labda naye aliukuta."

Makarasha yakazimwa. Akasugua uta, akaniambia niandae simu yangu. Alipiga wimbo ule mara nyingi, na safari hii sikusikiliza walzi wala ngoma; nilisikiliza magoti ya mwanamke juu ya sakafu ya udongo. Kule juu wimbo unaposita, pale ambapo siku ya kwanza nilidhani ni madoido ya mpigaji, ndipo mikono yake ilipokuwa inakusanya unga.

Tulipomaliza, simu ikaniuliza jina la kuhifadhia. Ilikuwa imeshaweka tarehe na namba yenyewe. Nikamuuliza niandike nini, akafikiri kidogo, kibuyu kikiwa kifuani.

"Andika Wa Mama."

Nilisita na kidole juu ya kioo. Mtu wa Dar es Salaam atakayelisoma jina hilo atamfikiria mwanamke mwingine kabisa. Nilitaka kuongeza mabano, kufafanua, kuweka neno bibi. Mzee alikuwa ameinama kuangalia herufi zinavyotokea, moja baada ya nyingine, ingawa aliniambia mapema kwamba macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Nikaandika alivyosema. Akaniomba nimsomee, nikamsomea, akaniomba tena.

"Wabeja," akasema, na akaanza kulegeza waya ili uzi upumzike usiku.